Mzee Mwenye Demensia Apewe Kazi ya Mikono: Mwongozo wa Sanaa na Bustani kwa Familia za Dodoma

Mwongozo huu ni wa yule anayeishi na mama, babu au shangazi aliyeanza kupotewa na kumbukumbu: mkwe wa Nkuhungu anayebaki nyumbani mchana, mjukuu wa Mvumi, dada wa kazi aliyeachiwa bibi pamoja na watoto wadogo. Wengi wetu, tukishajua kwamba mzee anasahau, tunamwondolea kila kitu mkononi. Jembe linafichwa, kisu kinachukuliwa, jikoni haingii tena, kisha anawekewa kiti mbele ya televisheni tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Tunafanya hivyo kwa upendo na kwa hofu. Lakini mtu aliyelima mtama maisha yake yote hawezi kukaa bure siku nzima akabaki mtulivu. Atanyanyuka atafute la kufanya, atafungua milango, atauliza jambo lile lile tena na tena, atataka arudishwe nyumbani wakati yuko nyumbani.

Ninachoomba ni kimoja: acha kumpima kumbukumbu, mpe kitu mkononi. Udongo, rangi, mbegu, ungo, ngoma. Vyote hivi tunavyo, na vingi ni bure.

Demensia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo. Linaloongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 6.4 ya wazee wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo si uchawi, si laana, wala si mzee kujifanya. Na si uzee wa kawaida, maana wapo wazee wa miaka 90 wanaokumbuka kila deni la kijiji.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Shughuli nitakazozieleza haziponyi, na yeyote atakayekuambia kwamba zinaponya anakudanganya. Zinachofanya ni kumpa mzee saa nzuri ndani ya siku: anatulia, anakula vizuri zaidi, anapata sababu ya kutumia mwili wake, na wewe unapata la kufanya naye mbali na kumkataza. Huko huko Hai, wazee waliohudhuria vipindi 14 vya mazungumzo na shughuli za pamoja kwa wiki 7 walionekana kupata nafuu katika kufikiri na kupungukiwa na wasiwasi. Kazi ya mikono ina bahati yake pia. Ujuzi wa mwili, kama kupepeta, kusuka, kupiga ngoma, hukaa ndani ya mtu muda mrefu baada ya majina na tarehe kuondoka. Na hisia nzuri hubaki hata pale tukio lenyewe linaposahaulika. Bibi anaweza asikumbuke kwamba asubuhi alipanda mchicha, na bado mchana ukamwona yuko na amani.

Hatua ya 1: Hospitali kwanza

Si kila kusahau ni demensia. Sonona, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na hata baadhi ya dawa anazomeza huweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa, na hayo yana tiba. Anza kituo cha afya kilicho karibu, uliza dirisha la wazee, omba rufaa ikihitajika. Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe inayoshughulika na afya ya akili, na mtu asione aibu kumpeleka mzazi wake pale.

Macho na masikio yapimwe pia. Mzee mwenye mtoto wa jicho hataona rangi unayomwekea, na aliyezibwa na nta masikioni ataonekana mkaidi kumbe hasikii.

Halafu lishike hili: akibadilika ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, akaanza kuweweseka, kusinzia sana au kuona vitu visivyokuwepo, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia au kukaukiwa maji mwilini, jambo rahisi sana kutokea katika joto na upepo wetu mkavu. Weka kando udongo na rangi, mwahishe hospitali.

Hatua ya 2: Andika maisha yake kwenye daftari

Kaa na ndugu zake, jirani wa zamani, watoto wote. Usiishie kwenye "alikuwa mkulima". Uliza alilima nini, mtama au uwele, karanga au zabibu. Alipalilia peke yake au kwa kikundi? Aliimba akilima? Alikaa chini amenyoosha miguu au alitumia kigoda? Mkono gani ulikuwa na nguvu? Harufu gani aliipenda? Kitu gani alikichukia? Babu aliyekuwa karani wa reli hatafurahia kufinyanga, ila mpe karatasi, muhuri na wino uone.

Shangazi yangu alifundisha darasa la kwanza hadi anastaafu. Brashi hakuitaka kabisa. Chaki aliipokea kabla sijamaliza kuinyoosha, akaivunja katikati ili isipige kelele ubaoni, akaanza kujaza ubao kwa mistari ya mwandiko: mstari wa juu, mstari wa chini, vitanzi katikati, vyote vya kimo kimoja. Jina langu hakulijua siku ile. Lakini aliinua kichwa akaniambia nikae vizuri.

Andika pia lugha. Mzee aliyezungumza Kiswahili kazini miaka yote anaweza kurudi kwenye Kigogo, Kirangi au Kinyaturu kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kama wewe hukijui, jifunze walau salamu na majina ya vitu mtakavyovishika. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ikitolewa asubuhi inaweza kufungua mlango ambao "shikamoo" imeshindwa kuufungua. Lakini salamu ya heshima usiiache, kwa lugha yoyote. Ni mtu mzima, hakugeuka mtoto.

Hatua ya 3: Chagua saa na mahali

Wazee wengi wenye demensia huwa vizuri zaidi asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni hivi hadi giza linapoingia wanakuwa na wasiwasi, wanazurura, wanagomba. Kazi yenye kufikiri iwekwe asubuhi. Jioni iachiwe muziki au kukaa nje.

Hali ya hewa yetu nayo ina sauti. Juni na Julai asubuhi kuna baridi na upepo, kwa hiyo subiri jua lichangamke, saa tatu hadi saa tano, na umfunge shuka begani. Oktoba na Novemba joto linaumiza, uwe umemaliza kabla ya saa nne. Kivuli cha mwembe, mkwaju au mwarobaini ni bora kuliko sebule yoyote. Weka kikombe cha maji pale pale na umkaribishe kila baada ya muda mfupi, maana kiu mwenyewe huenda asiisikie.

Muda? Dakika 20 zinatosha kuanzia. Wengine wataendelea saa nzima, wengine watachoka kwa dakika tano, na zote ni sawa. Kinachosaidia ni kurudia saa ile ile, kiti kile kile, kila siku au siku moja moja.

Zima televisheni na redio. Meza itandikwe kitambaa cha rangi moja. Kanga yenye maua mengi itamchanganya: atajaribu kuyachuma maua yaliyochapwa. Vitu vyeupe viwekwe juu ya kitambaa cha giza, vyeusi juu ya cheupe. Pia angalia sakafu, maana mkeka mweusi mbele ya mlango unaweza kuonekana kwake kama shimo, akagoma kupita na wewe usijue sababu.

Hatua ya 4: Ondoa vinavyodhuru

Mzee mwenye demensia anaweza kuweka chochote mdomoni. Zunguka uani kwako kwa macho hayo. Uzio wa mnyaa una utomvu mweupe unaounguza macho vibaya sana, asiukate wala asivunje tawi lake. Mbegu za nyonyo na za mbono kaburi ni sumu, na nyonyo hasa zinafanana na maharage ya kuvutia. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi au kijani, zisifike mezani kabisa. Chokaa ya kupakia ukuta inaunguza ngozi na macho, isitumike kama rangi. Shanga ndogo na mbegu za ukwaju zinaweza kumpalia.

Zabibu zetu pia. Akiwa ana shida ya kumeza, zabibu nzima ni hatari, ikatwe kwa urefu. Karanga asitafune kama hujahakikisha anameza vizuri.

Visu, panga na jiko la mkaa unavijua mwenyewe.

Hatua ya 5: Anza wewe, usimwamrishe

Kaa upande wake au mbele yake, macho yenu yawe kimo kimoja. Msalimie, jitaje jina, usimwulize "unanijua mimi nani?" Swali hilo ni mtihani na atafeli, na atajua kwamba amefeli. Vivyo hivyo "unakumbuka?" Sema kilichopo: "Bibi, udongo huu umetoka Bahi." Kisha anza kufanya mwenyewe, taratibu, bila maneno mengi. Baada ya muda mkono wake utasogea. Mpe kifaa, gusa kiganja chake kidogo ikibidi, umwache.

Chaguo liwe la vitu viwili tu, ukiwa umevishika: "Hii nyekundu au hii nyeusi?" Sentensi moja, jambo moja. Mpe muda wa kujibu, mrefu kuliko unavyodhani unatosha.

Akikosea, hajakosea. Akipanda mbegu juu chini, akipaka rangi mezani badala ya karatasi, mwache. Wewe unayetaka picha nzuri ya kuwatumia ndugu kwenye kundi la WhatsApp subiri, na hata hiyo picha fikiria kama yeye mwenyewe angependa ionekane.

Wajukuu waelezwe kabla: bibi ana ugonjwa wa kusahau, hachekwi, hasahihishwi. Watoto wakielewa huwa wasaidizi wazuri kuliko sisi, kwa sababu hawana haraka.

Rangi za udongo

Hii ndiyo shughuli ninayoipenda kuliko zote, na mkoa wetu umebarikiwa nayo. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara ya kwenda Babati, miamba ina michoro ya kale ya watu na wanyama, mingi kwa rangi nyekundu. Tangu 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Waliochora walitumia rangi za ardhi. Sisi tutafanya hivyo hivyo.

Kusanya udongo wa rangi tofauti, na ukiweza mchukue mzee mkaukusanye pamoja, maana kuchota ni nusu ya raha. Udongo mwekundu uko kila mahali mjini. Udongo mweusi wa mbuga unapatikana Bahi na mabondeni. Kwa nyeusi nzito saga mkaa. Kwa njano tumia bizari ya jikoni. Kwa nyeupe tumia unga wa ngano wenyewe. Udongo usichukuliwe zizini wala karibu na choo, na kama mzee ana kidonda mkononi subiri kipone.

Anika juani, twanga madongo, kisha chekecha kwa chujio la chai. Mpe mzee kazi ya kuchekecha. Vumbi laini likidondoka kwenye sahani, wengi hupenda kulipapasa kwa kidole, na ukiona amezama hapo usimharakishe kwenda hatua inayofuata. Huenda hiyo ndiyo shughuli ya leo.

Gundi yake ni uji mwepesi: kijiko kimoja cha unga wa ngano katika kikombe cha maji, koroga motoni hadi uvute kidogo, upoe kabisa. Changanya vijiko viwili vya udongo na uji kiasi cha kupata rangi nzito kama maziwa mgando. Itumie siku hiyo hiyo, maana uji huchacha, na kwa joto la Dodoma hauvuki kesho.

Brashi za dukani ni nyembamba na zinateleza mkononi. Chukua kijiti cha mswaki, kitafune au kipondeponde ncha hadi kiwe nyuzi. Kinashikika vizuri, na mzee anajua kukishika kwa sababu amekishika kila asubuhi tangu utotoni. Wengine watapendelea vidole. Karatasi ya nyuma ya kalenda ya mwaka jana inafaa sana, ni kubwa na ngumu. Boksi lililopasuliwa linafaa pia. Mifuko ya saruji iache, ina vumbi lenye kuunguza.

Weka rangi mbili au tatu, si zote. Chora wewe mstari mmoja mrefu. Subiri. Wengine watafuata mstari wako, wengine watajaza nukta, wengine watapaka viganja. Kwa aliyezaliwa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, jaribu ukuta badala ya karatasi: simamisha ubao au kipande cha tofali la udongo mbele yake umpe tope na rangi, asiribe na kupamba. Kibuyu kikavu nacho ni kizuri, kwa kuwa ni cha mviringo na kinajaa mapajani.

Mkimaliza, nawisheni mikono pamoja kwa sabuni na maji ya vuguvugu, polepole, kidole kwa kidole. Mzee anayegoma kuoga mara nyingi hukubali kunawa baada ya kushika tope, maana hapo sababu anaiona.

Bustani ya ndoo

Mzee asiiname. Chukua ndoo ya zamani ya lita 10, toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, iinue juu ya benchi au matofali hadi ifike kimo cha mikono yake akiwa amekaa. Samadi ichanganye wewe kabla.

Anza na mchicha. Huchipua ndani ya wiki moja na kuanza kuvunwa kwa wiki tatu hadi nne, kwa hiyo mzee anaona matokeo kabla jambo lenyewe halijafifia. Mbegu zake ni ndogo mno kwa vidole vinavyotetemeka. Changanya kijiko cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, tia kwenye kopo lenye matundu kifuniko, naye anyunyize kwa kulitikisa. Weka pembeni ndoo nyingine ya mimea ya harufu: mrehani, kivumbasi, mchaichai, mnanaa. Hiyo haina mavuno ya kungoja, kila siku anafikicha jani na kunusa. Kama alipenda mlenda, na Mgogo gani hapendi mlenda, panda nao.

Maji Dodoma si ya kumwaga. Maji ya kuoshea mboga na mchele yatunzwe kwa ajili ya bustani. Mpe kopo dogo, si jagi, na umwache amwagilie mara nyingi kidogo kidogo. Akimwagilia kupita kiasi, matundu ya ndoo yatasaidia. Akisahau kwamba amemwagilia akataka tena, mpe kopo lenye maji kidogo sana aendelee.

Mvua zetu huanza karibu Desemba na kukata Aprili. Katika miezi hiyo mtoe barazani mvua inapokaribia, asikie harufu ya ardhi na sauti ya bati. Kwa watu walioishi kwa kutazama mawingu, hiyo peke yake ni shughuli iliyokamilika. Huhitaji kuongeza kitu.

Mavuno yarudi jikoni. Bibi achambue mchicha wake, na siku hiyo uliwe mezani, usemwe kwamba ni wake.

Kazi za ungo

Kupepeta mtama, kuchambua maharage, kumenya karanga, kupukuchua mahindi, kukunja kanga. Hizi hazihitaji maelezo yangu. La muhimu ni kwamba iwe kazi ya kweli. Ukimpa maharage aliyokwisha kuchambua jana, ukayachanganya tena mbele ya macho yake, utamvunjia heshima. Mshukuru akimaliza, kama ungemshukuru mtu mwingine yeyote aliyekusaidia jikoni.

Ngoma, zeze na nyimbo

Ugogo ni nchi ya muziki. Hukwe Zawose, aliyeishi 1938 hadi 2003, aliipeleka sauti ya zeze na ilimba ya Kigogo (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) mbali duniani, na rekodi zake zinapatikana kwa urahisi kwenye simu. Wanawake wa hapa wana muheme, ngoma wanazozibana mapajani na kuzipiga wakiimba. Kama mama yako aliipiga, tafuta ngoma hata ndogo uiweke mapajani mwake. Usimwelekeze.

Kwa wengine muziki wa moyo ni wa kanisani, kwa wengine kaswida, kwa wengine dansi la zamani la Redio Tanzania. Daftari lako litakuambia. Nyimbo za ujanani ndizo hudumu zaidi. Piga wimbo mmoja, sauti ya wastani, bila matangazo katikati, na uangalie uso na miguu yake. Kidole kikianza kugonga kiti, umepata. Imba naye hata kama sauti huna. Wazee wasioweza tena kutunga sentensi huweza kuimba ubeti mzima.

Njuga zikifungwa mguuni, kayamba ikiwekwa mkononi, hata aliye kwenye kiti cha magurudumu anacheza.

Kutembea

Njia ile ile, fupi, asubuhi. Kofia, viatu vilivyofunga kisigino, maji. Simameni kwenye kila mti: aguse gome la mbuyu, aokote ukwaju, avunje ganda lake na kunusa. Majani mazuri yaleteni nyumbani, yakaushwe ndani ya gazeti, siku nyingine yagandishwe kwenye karatasi.

Kwa sababu wengi hupotea, weka namba yako ya simu mfukoni mwake au ishonewe ndani ya nguo. Mjulishe balozi wa nyumba kumi, mwenye duka, na vijana wa bodaboda wa kijiweni. Wao ndio watakaomwona kwanza, na wakijua hali yake watamrudisha kwa upole badala ya kumshangaa. Picha yake ya karibuni iwe kwenye simu yako.

Akikataa, akikasirika, akilia

Akikataa, ondoa vitu bila kulalamika, ujaribu kesho au saa moja baadaye. Kabla ya kusema ni mkaidi, angalia kama ana haja ndogo, ana njaa, anaumwa jino, jua linampiga usoni. Mara nyingi kisa ni hicho.

Akikasirika, usibishane. Akisema anataka kwenda kwa mama yake, usimwambie mama alikufa zamani, atapata msiba upya. Mwulize mama alikuwa akipika nini.

Akilia kwa wimbo, mshike mkono ukae naye. Si kila chozi ni la kuzuiwa. Likirudia kila mara kwa wimbo huo huo, uutoe kwenye orodha.

Ugonjwa ukizidi

Itafika siku hawezi kushika brashi wala kukaa muda mrefu. Punguza kazi, usiondoe hisia. Fikicha mrehani karibu na pua yake. Mwekee kibuyu kilaini mikononi, au kitambaa cha kaniki alichokizoea. Mpake mafuta viganjani, ukiimba. Kitanda kielekezwe dirishani palipo na mti na ndege. Akitoka nje kwa nusu saa chini ya kivuli, inatosha.

Na wewe unayemtunza, usiwe peke yako. Itisha kikao cha ukoo, gawaneni siku kwa majina: nani Jumatatu ana bustani, nani Jumamosi ana muziki, na nani aliye mbali anatuma fedha za dada wa kazi. Kama mtaani kwenu kuna nyumba mbili tatu zenye hali hii, kutaneni mara moja kwa wiki kwenye uwanja wa kanisa, msikiti au chini ya mti wa mtu mmoja wenu. Mkeka, maji, ungo mbili, ngoma moja. Ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya aelezwe kwamba kundi hilo lipo. Siku wazee wanapokaa pamoja, mtunzaji mmoja abaki nao na wengine waende sokoni, au walale.